Ruta ya kampuni ikikuchosha: tafuta ugonjwa kabla ya kwenda dukani

Nilinunua ruta mpya kwa pesa nzuri, nikaichomeka nyuma ya kile kisanduku cha kampuni ya mtandao, nikaweka nenosiri, nikajisifu. Usiku uleule, saa tatu na kitu, intaneti ikakatika kama ilivyokuwa ikikatika wiki mbili nzima. Ruta yangu mpya ilikuwa imewaka taa zake zote, haina kosa lolote. Kilichokuwa kikizirai ni kisanduku cha zamani, na kilichokuwa kikikizimisha ni adapta yake ya umeme. Adapta nyingine ilinigharimu shilingi 700. Bei ya ruta sitaitaja.

Tangu siku hiyo, jirani akiniambia "ruta ya kampuni ni mbovu, ninunue gani?", swali hilo silijibu kwanza. Namuuliza taa ipi inawaka, na ni ya rangi gani.

Hapa nazungumzia faiba ya nyumbani, ule waya mwembamba unaoingia kwa tundu la ukutani, kama tulivyouzoea Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Kisanduku wanachokuachia mafundi tunakiita ruta, lakini ndani yake mna kazi nne zilizofungwa pamoja. Kinapokea mwanga wa faiba na kuugeuza. Kinakuingiza kwenye mtandao wa kampuni na kuvigawia vifaa vyako anwani. Kinarusha Wi-Fi. Na kina yale matundu ya nyaya nyuma. Mara nyingi inayoharibika au kuzidiwa ni kazi moja tu kati ya hizo, hasa ile ya Wi-Fi. Ukiijua ni ipi, unabadilisha hiyo peke yake, zilizobaki unaiachia kampuni iendelee kuzibeba.

Jaribio la waya

Kama huna laptopu, azima. Chukua kebo ya mtandao, chomeka upande mmoja kwenye tundu la LAN 1, mojawapo ya yale matundu ya nyaya nyuma, na wa pili kwenye laptopu, kisha zima Wi-Fi ya laptopu. Wengi husahau hilo la mwisho, wakashinda nusu saa wakiipima Wi-Fi ileile wanayoilaumu.

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike ipconfig. Anwani ya ruta utaiona kwenye mstari wa "Default Gateway". Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Sasa fungua madirisha mawili ya kupigia ping, amri inayotuma swali kwa anwani na kungoja jibu. La kwanza liandikie ping -t na anwani hiyo ya ruta. La pili ping -t 1.1.1.1. Yaache yakimbie mpaka ifike saa ambayo tatizo hujitokeza, kwa sababu tatizo la usiku halipimwi asubuhi. Likianza, fungua dirisha la tatu upige ping ya jina la tovuti ambayo hujaifungua siku hiyo.

Majibu yanasomeka hivi. Ruta yenyewe ikinyamaza juu ya waya, basi ruta au kebo ina tatizo. Badilisha kebo kwanza, ni rahisi. Ruta ikijibu vizuri lakini 1.1.1.1 ikanyamaza, tatizo liko upande wa faiba au wa kampuni. Zote mbili zikijibu lakini jina likakataa, ni DNS, yaani kile kitabu cha kugeuza majina kuwa anwani. Hapo huhitaji ruta wala fundi: weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya DNS, maisha yaendelee. Na kama juu ya waya kila kitu kinakwenda sawa usiku kucha huku simu zikilia, basi ni Wi-Fi.

Jibu moja moja likipotea kutoka kwa ruta yenyewe, lipuuze. Visanduku hivi huipa ping kazi ya mwisho vikiwa na shughuli nyingi. Unachotafuta ni mistari kumi au ishirini mfululizo isiyo na jibu.

LOS nyekundu

Taa ya LOS ikiwa nyekundu, iwe imetulia au inapepesa, mwanga haufiki kwenye kisanduku, au unafika ukiwa dhaifu mno. Hakuna ruta ya dukani itakayotibu hilo.

Kabla ya kupiga simu, ufuate ule waya mwembamba kutoka ukutani hadi kwenye kifaa, utafute palipokunjwa. Faiba ni kioo. Ukiikunja kama waya wa pasi, mwanga unavuja pale kwenye kona. Nyumba moja niliikuta imebanwa na mguu wa kochi. Kochi lilisogezwa kwa ajili ya wageni wa Idi, na mwenye nyumba alikuwa ameilalamikia kampuni siku nne. Tuliliinua, taa nyekundu ikazimika muda si mrefu, naye akaniomba nisimwambie mkewe.

Kile kichwa cha kijani kilicho mwishoni mwa waya kimekatwa kwa mshazari wa digrii 8, hakipatani na kichwa cha buluu hata kama vinaingiana. Usikipanguse kwa shati wala usikipulize kwa mdomo, kwa sababu mafuta ya ngozi na mate ndiyo uchafu wenyewe. Na usikichungulie. Mwanga unaoshuka kutoka kwa kampuni ni wa nanomita 1490, jicho haliuoni, kwa hiyo kutouona hakumaanishi kwamba haupo.

Ukurasa wa ndani wa kifaa, ule unaofunguka ukiandika anwani ya ruta kwenye kivinjari, mara nyingi una sehemu inayoonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa kwa dBm. Ni nambari hasi. Kwa faiba za GPON, aina tunayofungiwa nyumbani, kati ya -15 na -25 ni afya njema. Ikikaribia -27, kifaa kinaishi ukingoni, na kutikisika kidogo tu kunatosha kukiangusha. Kila nambari ikishuka kwa 3, mwanga umepungua nusu. Iandike pamoja na saa. Ukimpigia mtu wa huduma kwa wateja na kumwambia "intaneti inasumbua", atakwambia uzime uwashe. Mwambie "mwanga ninaopokea leo ni -28, wiki jana ulikuwa -22", uone anavyobadilika sauti.

LOS imezimika lakini taa ya PON, ile ya kuonyesha umeungana na kampuni, inapepesa tu haitulii? Mwanga unafika, ila mtambo wa kampuni haujakitambua kifaa chako. Ni kazi yao. Hakikisha kwanza bili imelipwa. Mimi niliwahi kuwafokea, kumbe deni ni langu.

Kisanduku kinachojizima chenyewe

Huu ndio ugonjwa ulioniliza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Dalili yake haifanani na intaneti kukatika. Jina la Wi-Fi lenyewe linapotea kwenye orodha ya simu, taa zote zinazimika kwa mpigo, kisha zinarudi moja moja kama siku kilipochomekwa mara ya kwanza, na baada ya dakika mbili tatu kila kitu kinarejea. Kama hukushuhudia, fungua ukurasa wa ndani utafute muda ambao kifaa kimekaa bila kuzimika, unaoandikwa "uptime". Ukikuta dakika 40 na hakuna aliyegusa swichi, umemkamata mwizi. Ukikuta siku 12 na wewe unajua intaneti ilikatika jana, basi kifaa hakikuzimika, tafuta kwingine.

Adapta nyingi za visanduku hivi ni za volti 12, ampea 1 hadi 2. Ndani yake mna kapasita zinazokauka kwa joto la miaka, na stima yetu ya kupanda na kushuka inazimaliza upesi zaidi. Adapta iliyochoka ni mwongo. Ukiipima haijachomekwa kwenye kifaa, inaonyesha volti 12 safi. Yangu ilionyesha 12.1 nikaiachia huru. Nilipoipima mara ya pili ikiwa na mzigo, kwa kipande cha waya chenye tundu upande mmoja na kichwa upande wa pili, ilisoma 11.3 kukiwa kimya. Watoto wakafungua katuni kwenye runinga, simu mbili zikaanza kuvuta video, mita ikateremka mpaka 10 na ushei, taa zikafa mbele ya macho yangu. Saa tatu usiku ndiyo saa ambayo nyumba nzima iko mtandaoni, basi. Kifaa kilikuwa kinaomba umeme zaidi, adapta inashindwa kukipa.

Ukinunua nyingine, volti ziwe zilezile, ampea ziwe sawa au zaidi. Tazama mchoro mdogo wa alama za + na - kwenye lebo, ulingane na wa zamani. Na kichwa chake: unene wa nje wa milimita 5.5 ni wa kawaida, lakini tundu la ndani kuna la 2.1 na la 2.5. La 2.5 juu ya pini nyembamba linaingia, kisha linachezacheza, na umejinunulia ugonjwa mwingine wa kukatika kila paka anapopita. Nenda na adapta ya zamani dukani mkajaribishe.

Yule UPS mdogo wa betri anayeuzwa kwa ajili ya ruta anafaa sana, si kwa giza tu bali pia kwa zile sekunde mbili za stima kupepesa ambazo hazizimi taa za nyumba lakini zinaizima ruta. Hakikisha anatoa volti 12 kwenye tundu unalolitumia. Wengi wana matundu ya 5, 9 na 12 yaliyopangwa sako kwa bako.

Halafu kuna wadudu. Huku pwani kisanduku chenye joto ni gesti ya mijusi kafiri na sisimizi. Nilifungua kimoja nikakuta mayai mawili ya mjusi juu ya chuma cha kupoza, na kinyesi kimekaukia kati ya pini mbili na kuziunganisha. Hewa ya chumvi nayo inaotesha kutu ya kijani kwenye matundu ya LAN. Usikiweke juu ya dekoda wala ndani ya kabati, wala usikifunike kitambaa cha kufuma ili kipendeze.

Wi-Fi inayofika nusu ya nyumba

Bibi mmoja wa Mji wa Kale aliniita. Nikaingia: "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Hii ruta yao takataka. Nipeleke dukani nikanunue yangu." Ruta ilikuwa chini, mlangoni, pale pale waya ulipoingilia. Yeye analala juu. Kati yao kuna kuta za mawe ya matumbawe zenye unene wa karibu nusu mita. Ukimwekea ruta ya bei ya pikipiki pale mlangoni, chumbani kwake itafika hoi vilevile.

Tulinunua mita 20 za kebo. Ikapanda kwa pembe ya ngazi, na juu tukafunga ruta kuukuu ya mjukuu wake, iliyowekwa irushe Wi-Fi tu. Anatazama mawaidha yake kitandani mpaka leo.

Kwa hiyo pima hivi: simama mita 2 kutoka kwenye kisanduku, chumba kimoja, hakuna ukuta, simu ikiwa kwenye masafa ya GHz 5. Kama hapo kasi ni nzuri na chumbani ni mbaya, shida ni mahali kilipo. Kihamishe katikati ya nyumba, au vuta kebo. Vile virefushi vya kuchomeka kwenye soketi ni suluhisho la mwisho kabisa kwangu. Vya bei rahisi hutumia redio moja kusikiliza na kurusha, hivyo kasi inagawika nusu papo hapo.

Kama ni ghorofa yenye majirani wengi, masafa ya GHz 2.4 yatakuwa yamesongamana kama soko la Kongowea. Chaneli zake tatu tu hazikanyagani: 1, 6 na 11. Pakua programu ya kuonyesha mitandao ya jirani, chagua yenye watu wachache kati ya hizo tatu, na upana uache MHz 20. Usichague 3 au 4 ukidhani umepata nafasi ya katikati. Utagombana na pande zote mbili. Vifaa vinavyoweza GHz 5 vihamishie huko.

Lini basi Wi-Fi ya kampuni ni mbovu kweli? Kama waya unakupa Mbps 50 na simu iliyo mita 2 inapata 8. Kama kifaa cha kumi na tano kikiingia kinaganda kwenye "inapata anwani ya IP". Kama kisanduku hakina GHz 5 kabisa. Kama Wi-Fi inakufa huku waya ukiendelea, na ukikizima na kukiwasha inafufuka kwa siku moja. Hapo nunua, una haki.

Polepole jioni

Pima kwa waya saa kumi na moja alfajiri, pima tena saa mbili usiku. Alfajiri ukipata kifurushi chako kizima na usiku robo yake, na hakuna mwingine nyumbani anayetumia, basi kampuni imejaza watu kwenye njia moja. Ruta haihusiki. Wakabili na vipimo vya siku tatu, au hama.

Ila kuna polepole nyingine inayofanana na hiyo. Uko kwenye kikao cha video, sauti inakuwa ya roboti, kumbe chumba cha pili simu ya kijana inapandisha picha zote za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni. Itazame ping ya 1.1.1.1: inatoka milisekunde 12, inapaa 600, 800, simu ikimaliza inarudi 12. Foleni imejaa ndani ya kisanduku na pakiti, yaani vipande vya data, za sauti yako zimekaa nyuma ya picha. Visanduku vya kampuni vingi havijui kupanga foleni. Ruta yenye kipangaji cha foleni, kwa mfano inayokubali OpenWrt (programu huria ya kuendesha ruta) na kipangaji chake kinachoitwa SQM, inatibu hili vizuri kuliko kuongeza kifurushi. Unaipa kikomo cha asilimia kama 90 ya kasi yako halisi, foleni inahamia kwake, na yeye anajua nani apite kwanza.

Tena kuna siku ambazo hata si kampuni yako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika zote mbili kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Kenya na Tanzania zikasota. Siku kama hiyo video maarufu huenda zikacheza kwa sababu nakala zake zimehifadhiwa hapa hapa, lakini tovuti ya nje inakwama. Uliza jirani mwenye kampuni tofauti kabla ya kufungua bisibisi.

Tovuti nyingine zinafunguka, nyingine zinaganda

Ping inajibu, ujumbe unaingia, lakini ukurasa wa benki unazunguka milele. Mara nyingi hili huja baada ya kufunga ruta yako mwenyewe. Kampuni zinazotumia PPPoE, njia ya kuingia mtandaoni kwa jina la mtumiaji na nenosiri, hufunika kila pakiti kwa baiti 8, hivyo ukubwa wa juu unashuka kutoka 1500 hadi 1492. Ruta isipojua hivyo, pakiti kubwa zinatupwa njiani kimyakimya. Kwenye Windows andika ping -f -l 1464 1.1.1.1. Hizo 1464 pamoja na 28 za vichwa ni 1492. Ikipita, sawa. Ikikataa, punguza nambari kidogo kidogo mpaka ipite, jumlisha 28, na jibu ndilo uliweke kwenye sehemu ya MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti.

Sasa umeamua kuibadilisha

Kwanza onyo. Lile tundu la sindano lililoandikwa "Reset", usiliguse. Binamu yangu alichoma kijiti cha meno pale akidhani anakiwasha upya. Alifuta jina la mtumiaji la PPPoE, nambari ya VLAN (njia ya kampuni ambayo intaneti yako inapitia) na kila alichokuwa amewekewa na fundi, akakaa bila intaneti kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Piga picha kila ukurasa wa mipangilio kabla ya kugusa chochote, na hasa ukurasa wa WAN, yaani upande unaotazama kampuni.

Pili, usifikirie kukitoa kabisa kisanduku cha kampuni na kuchomeka faiba kwenye kifaa ulichonunua. Mtambo wao unakitambua kifaa kwa nambari yake ya usajili. Cha kigeni kitapepesa PON mpaka kiyama. Kisanduku kinabaki. Kazi zake ndizo unazomnyang'anya.

Njia nyepesi kabisa ni kumnyang'anya Wi-Fi tu. Zima Wi-Fi yake. Ruta yako iweke kwenye hali ya kurusha tu (Access Point), au kama haina hali hiyo, zima DHCP yake, ile kazi ya kugawa anwani, ipe anwani kama 192.168.1.2, kisha unganisha LAN ya kampuni na LAN yako, si WAN. Nyumba inabaki mtandao mmoja. Kwa watu wengi hii inatosha, nami ndiyo ninayoifunga nyumba nyingi.

Njia ya kati ni kuchomeka WAN ya ruta yako kwenye LAN ya kampuni na kuiacha ifanye kazi zote. Kuifunga ni dakika tano tu. Hapo una ruta mbili zinazobadilisha anwani, moja nyuma ya nyingine. Kuvinjari na video havijali, michezo ya mtandaoni na kamera unazozitazama ukiwa nje hujali.

Njia safi ni kuiomba kampuni ikiweke kisanduku chao katika hali ya daraja, wao wenyewe wanasema "bridge". Kinabaki kugeuza mwanga tu, na ruta yako ndiyo inayoingia mtandaoni. Kabla hawajakibadilisha, waombe mambo mawili na uyaandike: jina la mtumiaji na nenosiri la PPPoE, kama wanaitumia, na nambari ya VLAN. Wakishageuza, ukurasa wa ndani huenda usiufikie tena. Wengine watakubali kwa simu moja, wengine watakwambia haiwezekani. Piga tena siku nyingine, uongee na mtu mwingine.

Dukani, tazama kwanza kama ina tundu la WAN la kebo ya kawaida. Wauzaji wetu watakupa kwa tabasamu ruta ya laini ya simu, au ile kuukuu yenye kitundu kidogo cha waya wa simu ya mezani, na zote mbili si zako. Matundu yawe ya gigabiti kama kifurushi kinazidi Mbps 100, kwa sababu tundu la kawaida linaishia hapo hapo 100. Kebo pia: yenye nyaya nne tu ndani badala ya nane haivuki 100, hata ukiichomeka wapi. Wi-Fi 6 inatosha nyumba ya kawaida. Idadi ya antena ni mapambo kwa kiasi kikubwa. Ninachokiangalia mimi ni kama mtengenezaji bado anatoa masasisho ya usalama kwa modeli hiyo.

Jina la Wi-Fi na nenosiri yape yaleyale ya zamani, herufi kwa herufi. Simu, runinga na printa zitaingia zenyewe, na hutazunguka nyumba nzima ukiulizwa nenosiri. Lakini kwanza zima Wi-Fi ya kampuni, vinginevyo vifaa vitaning'inia kwa yule mbovu.

Mpya nayo imegoma

Inasema imeunganishwa lakini hakuna intaneti, na umetumia njia ya kati: tazama anwani. Zote mbili zikiwa 192.168.1.1, zinagongana. Ipe yako 192.168.50.1, uwashe upya.

Uko kwenye daraja na haiingii: VLAN imesahauliwa, au nenosiri la PPPoE lina herufi kubwa uliyoiandika ndogo. Vikiwa sahihi vyote, kampuni nyingine huikumbuka anwani ya MAC, yaani nambari ya utambulisho, ya kifaa cha kwanza. Nakili ile ya zamani, iko kwenye kibandiko cha chini, uiweke kwenye sehemu ya kunakili MAC. Au zima kisanduku chao dakika kadhaa wakusahau.

Kamera au balbu ya Wi-Fi imekataa wakati simu zimeingia: vifaa hivyo vingi vinajua GHz 2.4 tu, na vingine vinaogopa WPA3, ule ulinzi mpya wa Wi-Fi. Weka WPA2 na WPA3 pamoja, na ukishindwa, yape masafa ya 2.4 jina lake peke yake.

Umefungua milango ya kamera (port forwarding) kwenye ruta, na ukiwa kazini bado huioni: soma anwani ya WAN. Ikianzia popote kati ya 100.64 na 100.127, kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna mlango utakaoufungua wewe utakaofika nje. Tumia huduma ya mtengenezaji wa kamera, au uwalipie anwani yako mwenyewe ikiwa wanaiuza.

Na mipangilio uliyoiweka kwenye kisanduku cha kampuni ikijirudia ilivyokuwa, jina la zamani likiibuka usiku wa manane, hujarogwa. Wana njia ya kukiingilia kutoka ofisini kwao na kukisasisha. Ndiyo maana Wi-Fi yake uliyoizima inaweza kuwaka tena siku moja, nyumba ikawa na majina mawili yanayofanana. Mimi hupita kuitazama kila baada ya wiki kadhaa, hasa baada ya stima kupotea usiku mzima.